Majani Yaliyoonekana kutoka Juu

Habari za kifo chake zilinifikia akiwa keshazikwa. Sisi Waislamu hatukawizi maiti, na Garissa si jirani kwa mtu anayeishi Nairobi. Aliyeniletea habari ni mfanyabiashara mmoja wa nguo ambaye huja Eastleigh kuchukua mizigo, mtu tuliyefahamiana zamani nilipokuwa mwalimu kule. Tulikutana mlangoni mwa msikiti baada ya sala ya Ijumaa. Aliniuliza hali, akauliza watoto, akauliza kazi, nami nikamuuliza mvua. Akasema mvua hakuna, kisha akaongeza, kama anayekumbuka jambo lililokuwa limemponyoka, kwamba yule dada wa picha amefariki. Homa ilimshika Dadaab alikokuwa akifanya kazi, akaletwa Garissa akiwa hawezi tena kukaa, akafa alfajiri, na baada ya adhuhuri wakamzika. Nilimuuliza dada yupi wa picha, ingawa nilijua. Garissa nzima ilikuwa na mmoja tu.

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kuniona nikizozana na watangazaji wa redio kwa sababu ya ngeli, au nikilalamikia mabango ya barabarani yaliyoandikwa Kiswahili cha kuungaunga. Leo mniwie radhi. Nataka kumzungumzia mtu ambaye hakuwahi kuandikwa gazetini na ambaye, kama angekuwa hai, angenikataza. Jina lake sitalitaja, wala la mtu mwingine yeyote katika habari hii, kwa kuwa waliobaki bado wanaishi na yale yaliyotokea, na mji ni mdogo.

Alikuwa mtoto wa wafugaji wa ng'ombe wa upande wa Hadado, magharibi ya Wajir. Baba yake, aliyekuwa na watoto wawili tu, alifanya jambo ambalo wenzake walilicheka: mvulana alimwachia mifugo, msichana akampeleka shule ya bweni. Msichana akasoma mpaka chuo kikuu, akachukua jiografia, na alipomaliza akakataa kazi ya Nairobi akarudi Garissa, kwenye ofisi ndogo iliyokuwa imefunguliwa kufuatilia ukame. Kazi yake ilikuwa ngeni hata kwetu walimu. Juu ya dunia, alitueleza, kuna vyombo vinavyozunguka bila kupumzika, vinaitwa setilaiti, na kila vinapopita juu yetu hupiga picha ya ardhi yote. Wataalamu wa Nairobi wanazigeuza picha hizo kuwa ramani za rangi: kijani mahali penye majani, manjano mahali yanapokauka, hudhurungi mahali palipobaki udongo mtupu. Yeye anazipokea, anazisoma, na anawapelekea wafugaji habari ili wajue waelekee wapi kabla mifugo haijaanza kuanguka.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwenye karatasi za mradi. Kwa kweli picha hizo zilimfikia kwa faksi, na faksi, kama mnavyojua, haijui rangi. Siku ya kwanza tuliyozungumza alikuja shuleni kwetu wakati wa mapumziko, amejifunga mtandio wake vizuri, amebeba karatasi iliyojikunja, akauliza ni nani anayefundisha kuchora ramani. Walimu wenzangu wakanionyesha kwa vidole. "Mwalimu," akaniambia, "nikopeshe penseli zako za rangi. Nairobi wamenitumia nchi yote ya kijivu." Nilicheka, lakini yeye hakuwa anatania. Aliketi kwenye meza yangu, akapiga simu Nairobi kutoka kwenye ofisi ya mwalimu mkuu, akawa anasomewa mraba mmoja mmoja upakwe rangi gani, naye anarudi mezani na kupaka, mpaka mkoa mzima wa Kaskazini Mashariki ukatokea mbele yetu. Kwa miezi mingi baada ya hapo alikuja hivyo hivyo. Wanafunzi walizoea kumwona. Baadhi yao, watoto wa wafugaji, walimzunguka wakitafuta kwao kwenye ile karatasi, na wakikuta hudhurungi walirudi darasani kimya.

Nilipomzoea nilimuuliza kwa nini aliacha mshahara wa Nairobi kwa ajili ya kupaka rangi. Akanieleza habari ya sahan. Wafugaji wa Kisomali, kabla ya kuhamisha mifugo, humtuma mtu mwenye kuaminika akatangulie kuangalia nchi. Huyo ndiye sahan. Hutembea, hutazama, hurudi na habari. Katika ukame mkubwa wa utotoni mwake baba yake alituma sahan, na sahan akarudi na habari njema, ila aliporudi ng'ombe walikuwa wamekwisha dhoofika kiasi cha kutoweza kwenda. Wale waliokuwa wakimsubiri walikaa pale pale na malisho wakiyajua. Baba hakuinuka tena baada ya mwaka ule. Yeye alikuwa likizoni kutoka shuleni, aliyaona yote, na alipofundishwa habari za setilaiti chuoni, jambo la kwanza alilofikiri, akaniambia, ni kwamba huyu ni sahan asiyechoka na asiyechelewa. Nilimwona akilisema hilo kwa furaha ya mtu aliyepata dawa ya ugonjwa uliomuua mzazi wake.

Alikuwa na jambo jingine alilolisema mara kwa mara, ambalo siku hizo lilionekana kama hofu ya wasomi. Alisema wazee wa kwao walikuwa wakiupa kila ukame jina, kwa tukio au kwa mnyama, na jina hilo likatumika kuhesabia umri wa watoto. Sasa kabla ukame mmoja haujapata jina, mwingine umekwisha kufika. Alisema dunia inapata joto, na kwamba walioitia joto wako mbali sana na Hadado, hawamiliki ng'ombe hata mmoja wa kufa.

Kisha ukaja ule ukame uliotangulia mvua za El Nino. Nilikuwa nimeanza kuandikia gazeti kidogo kidogo, na likizo ya shule ilipofika nikamwomba nifuatane naye kwenda Wajir. Tulisafiri kwa Landrova ya ofisi, na polisi wawili wa kutulinda, maana barabara zile hazikuwa salama. Griftu tulikuta siku ya mnada wa mifugo, lakini mnada haukuwa mnada. Ng'ombe walikuwepo, wenye ng'ombe walikuwepo, wanunuzi hawakuwepo. Wanyama walikuwa wamesimama vichwa chini, mifupa ya nyonga imechongoka, na wenyewe wameketi pembeni hawaiti mtu. Mwanamke mmoja alimshika dada yule mkono, akamwita abaayo, yaani dada, akasema naye maneno mafupi. Nilipouliza amesema nini, nikaambiwa ameuliza kama huko tunakokwenda tunabeba chochote. Tulikuwa tumebeba ramani.

Hadado watu walikusanyika karibu na kisima cha mashine, kwa kuwa hapo ndipo kila mtu alipokuwa. Miongoni mwao alikuwako kaka yake, yule mvulana aliyeachiwa mifugo, sasa mtu mzima mwenye mke na watoto, mrefu, mkavu, na mwenye heshima mbele ya wenziwe. Walisalimiana kwa upole. Mama yao alikuwa akiishi na huyo kaka, na kwanza ziliulizwa habari za mama. Kisha dada akaitandaza ramani juu ya boneti ya gari, akaizuia kwa mawe isipeperuke, akawaonyesha. Mkoa wote ulikuwa hudhurungi isipokuwa sehemu moja ya kusini, mbali, ng'ambo ya Dadaab kuelekea upande wa Lamu. Pale palikuwa na kijani. Mvua ilikuwa imepita huko.

Nilielezwa baadaye yaliyosemwa, kwa sababu yalisemwa kwa Kisomali, lakini hata bila kuelewa maneno niliona uzito wake. Yeye alikuwa amefunzwa asiseme jambo la setilaiti bila kutanguliza neno huenda, ambalo kwa Kisomali ni malaha. Alikuwa hata ameomba, kabla ya safari ile, apewe gari aende kusini akahakikishe kwa macho, akajibiwa kwamba mafuta hayatoshi na askari wa kumsindikiza hawapo. Kwa hiyo aliwaambia ukweli wote: malaha kuna malisho. Kaka yake akamuuliza kama huyo sahan wake wa juu ameyaonja majani hayo, na kama ameona nani mwingine yuko huko na maji yana kina gani. Akajibu kwamba picha haionyeshi hayo. Wazee wakanong'onezana. Nyuma yao ng'ombe mmoja alilala chini na hakuna aliyekwenda kumwinua. Ndipo kaka yake akasema kile ambacho wote walikuwa wakikifikiri.

"Ng'ombe hawali malaha. Sema yapo, au sema hayapo."

Nilimwona dada akiitazama ramani ile kana kwamba ingemsaidia, kisha akamtazama yule ng'ombe aliyelala. Akasema yapo. Watu waliachana kuelekea kwenye maboma yao, na jioni ile ile vyombo vilianza kufungwa. Tulipokuwa garini tukirudi Griftu nilimuuliza amewaambia nini mwishowe, akanieleza.

Walikwenda. Walikwenda watu wa Hadado, na kwa kuwa habari ya namna hiyo haikai mahali pamoja, walikwenda pia watu wa Griftu, na wa pande nyingine ambazo sikuzijua, na wengine kutoka ng'ambo ya mpaka. Njia ile ni ndefu hata kwa gari. Waliopoteza ng'ombe njiani hawakulalamika, kwa sababu ng'ombe wale wangekufa hata kwa kukaa. Jambo lililowavunja lilikuwa kufika. Miezi kadhaa baadaye kaka yake aliingia Garissa kwa miguu akiwa na familia yake, mama mzee amepandishwa juu ya punda wa kukopa, bila mnyama wake hata mmoja. Nilikwenda kuwapa pole. Alinikaribisha vizuri, akanimiminia chai ya rangi, na kwa kuwa mimi si Msomali akanieleza kwa Kiswahili chake.

"Mwalimu, hiyo bicha haikudanganya," aliniambia. "Majani ilikuwa mingi. Lakini ilikuwa majani ya ngamia, na sisi ni watu ya ng'ombe. Ng'ombe yangu imekufa ndani ya kijani."

Mvua iliyopita kusini ilikuwa manyunyu ya kuvisha vichaka tu. Miiba yote ilikuwa imechipua, msitu unang'aa, na kutoka juu kijani ni kijani. Chini ya vichaka hivyo nyasi zilikuwa zimekwisha kuliwa msimu uliopita. Wenye ngamia na mbuzi walipata nafuu kwa muda. Wenye ng'ombe walisimama katikati ya msitu wenye majani wakiwatazama wanyama wao wakilamba ardhi. Na maji machache yaliyokuwa kwenye mabwawa ya mvua, ambayo yangewatosha wenyeji, yaliisha mara moja kwa wingi wa watu walioitikia habari ile ile. Watu walipigana kisimani. Kuna waliokufa hapo, na sitasema zaidi ya hilo.

Dada yule alikwenda kusini peke yake, safari hii kwa lori la maji lililokuwa likitoka Dadaab, kwa sababu hakungoja tena gari la ofisi. Aliporudi alikuja shuleni kama kawaida, akaketi mezani kwangu, ila hakuja na karatasi yoyote. Nilijaribu kumfariji. Nilimwambia kwamba yeye hakuumba vichaka, kwamba hata wangebaki Hadado ng'ombe wasingepona, na kwamba kila mtu mwenye akili analijua hilo. Aliniacha niseme yote. Kisha akaniambia kwamba katika maneno yote aliyofundishwa chuoni, ni neno moja tu aliloliacha siku ile, lile malaha, na aliliacha kwa sababu watu walikuwa wakimwangalia. Kengele ikalia, nikaenda darasani, na nilipotoka alikuwa ameondoka.

Kaka hakumtukana. Pengine ingekuwa afadhali. Alijitafutia kipande cha ardhi ukingoni mwa mto Tana, chini kabisa pale maji yanapoacha tope, akajenga kibanda na kuanza kulima mahindi na ndizi. Mfugaji kushika jembe ni msiba unaoeleweka na wafugaji wenyewe. Dada yake alipokwenda kuwatembelea alipewa kiti, akapewa chai, akaulizwa habari za kazi, kama mgeni. Mama peke yake ndiye aliyemshika na kumketisha karibu.

Mwaka uliofuata, ukame ukiwa bado umetushika koo, wataalamu wakaanza kuleta habari nyingine. Mbali na setilaiti zile zilizokuwa zikitazama majani, kuna nyingine zinazopima joto la bahari, na bahari ilikuwa imepata joto lisilo la kawaida. Ikasemwa kwamba mwisho wa mwaka mvua itakuwa kubwa kupita kiasi. Dada alizipokea habari hizo akiwa mtu aliyeungua mdomo. Alizisoma, akapiga simu Nairobi, akauliza tena na tena, akatafuta kila anayejua, na safari hii wote walimpa jibu moja. Akaanza kuzunguka. Alikwenda kwenye baraza za machifu, akaenda misikitini kuwaomba maimamu wawaambie watu wa ukingoni mwa mto wahame mapema. Alikwenda kwa mkubwa mmoja wa serikali kuomba mahema, mashua, na mahali palipoinuka pa kuwaweka watu. Mkubwa yule alikuwa mtu wa adabu. Alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia kwamba nje ya mlango huo kuna watu wanaolia kiu, na yeye analetewa habari ya mafuriko. Akitoka hapo akaomba mashua kwa ajili ya Garissa, wakubwa zake watamwona hana akili. Waliagana kwa kupeana mikono.

Kwa kaka yake alikwenda mwisho, akaniomba tufuatane. Nadhani alitaka pawepo mtu mwingine ili asipewe chai na kuagwa. Tuliwakuta wamekaa nje ya kibanda, mto umepungua mpaka watoto wanavuka kwa miguu. Alizungumza kwa muda mrefu, taratibu, bila ramani. Kaka alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Mama ndiye aliyejibu kwanza, na alijibu akicheka kidogo, kama mtu anayemsikia mtoto akisema neno la ajabu. Alimwuliza binti yake tangu lini mtu akakimbia mvua. Alisema wameomba mvua mwaka mzima, wamekwenda uwanjani na watoto na wanyama kusali, na sasa ikija wajifiche? Dada alishika mikono ya mama yake, akamwita hooyo, akamsihi angalau yeye aje akae naye mjini. Mama akakataa kwa sababu za kimama: mkwe wake ni mjamzito, kuku wake hawana wa kuwatazama, na chumba cha mjini ni cha joto.

Kaka aliposema, alisema kwa utulivu, na dada alinitafsiria tukiwa njiani, neno kwa neno, kana kwamba alitaka liwe nje ya kifua chake.

"Mwaka jana uliniambia niende kusini, nikaenda. Sasa unaniambia niende juu. Juu kwa nani? Nionyeshe mtu aliyeko huko juu anayeningoja, nami nitafunga mizigo leo."

Hakuwa na mtu wa kumwonyesha. Hilo ndilo jambo ambalo mimi, miaka hii yote, nimeshindwa kulipita. Waswahili tunasema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na wengi waliosimulia habari hii walisema kaka alikataa kwa sababu aliumwa mara ya kwanza. Ni kweli kwa sehemu. Lakini nilikuwepo, na nadhani hata kama angemwamini dada yake kwa moyo wote asingekuwa na pa kwenda. Ardhi ya juu ilikuwa na wenyewe. Mjini hakukuwa na kazi. Shamba lile la tope ndilo lililokuwa limebaki kati yake na kuomba.

Mvua zilipokuja mnakumbuka zilivyokuwa. Sisi wa mjini Garissa tulizifurahia kwa siku za mwanzo, watoto wakacheza uchi barabarani. Kisha barabara ya Nairobi ikakatika, bidhaa zikaisha madukani, na mto ukawa bahari ya rangi ya chai. Maji yaliingia kwa kaka yake wakati wa asubuhi, si kwa kishindo bali kwa kupanda, yakizidi kupanda. Alimtoa mke wake kwanza, akambeba mgongoni mpaka kwenye tuta la barabara, akarudi akachukua watoto, mmoja shingoni na wengine wameshikana naye. Mama alikuwa amemwambia awatangulize watoto, yeye atasubiri juu ya kitanda. Aliporudi kumchukua hakukuwa na kitanda, wala kibanda, wala mahali pa kujua kwamba palikuwa na kibanda. Aliogelea akiita mpaka watu wakamvuta kwa nguvu. Mwili haukupatikana.

Nilikuwa pamoja na dada ofisini kwake habari zilipofika. Aliyezileta alizisema mlangoni, kwa sauti ndogo. Yeye alisimama, akasema maneno tunayoyasema wote, kwamba sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea, kisha akauliza kama kaka yake yuko salama. Alipoambiwa yuko salama akatafuta viatu vyake chini ya meza na hakuviona, navyo vilikuwa pale pale mbele yake. Mimi ndiye niliyevichukua nikampa.

Maji yalipopungua ikaja homa ya mifugo, ikafagia mbuzi na ngamia waliokuwa wamenusurika ukame, ikawaua na watu. Ndege zikaja, mahema yakaja, mashua zikaja wakati mto ulikuwa umerudi mkondoni mwake. Na baada ya hayo ukaitishwa mkutano Nairobi wa kutathmini ule utabiri. Alialikwa akaenda. Aliporudi aliniambia kwamba wageni walifurahi sana. Walionyesha kwenye ukuta ramani za joto la bahari, moja baada ya nyingine, na mzungumzaji mmoja akasema utabiri ulifaulu, watu wakapiga makofi. Yeye aliinua mkono akauliza umefaulu kwa nani. Alisema swali lake halikupingwa na mtu. Walimshukuru kwa mchango wake, wakaenda kula.

Muda si mrefu mradi ukafikia mwisho wake, kama miradi yote, na ofisi ikafungwa. Mimi nikapata uhamisho. Yeye akachukua kazi Dadaab, ya kupanga malori ya maji kwa ajili ya kambi za wakimbizi. Nilipita huko safari moja nikamkuta amesimama kwenye vumbi akizungumza na madereva. Amekonda, amezeeka kabla ya wakati. Nikamuuliza kama anaipenda kazi. Akaniambia anaipenda kwa sababu lori likifika, maji yamo. Hatukuzungumzia mengine. Hiyo ndiyo mara ya mwisho kumwona.

Katika nchi hii tunapenda kusema tahadhari kabla ya hatari. Tunaiandika kwenye kuta za shule, tunaisema mikutanoni, nami mwenyewe nimewafundisha watoto waitungie insha. Sijawahi kumsikia mtu akiuliza nini kinatakiwa kuwepo katikati, kati ya tahadhari na hatari: gari la kwenda kuonja majani, kisima cha pili, ardhi ya juu ya kukimbilia maji yakija, mtu wa juu anayengoja. Tunanunua macho ya ajabu yanayoweza kuona boma la Hadado kutoka mbinguni, na macho hayo huona sawasawa. Kisha tunamkabidhi karatasi mtoto wa mfugaji, tunamtuma kwa watu wake, na tukishamtuma tunahesabu kwamba tumewasaidia. Yeye ndiye anayebaki pale akiwatazama usoni. Walio mbali walioichafua hewa hawapo, walioitengeneza setilaiti hawapo, waliokataa mafuta ya gari hawapo. Yupo yeye na kaka yake, na lawama yote ya dunia inaishia kati ya watoto wawili wa mama mmoja.

Yule mfanyabiashara wa nguo aliniambia kwamba kaka alikuja mazishini. Tangu mafuriko hawakuwa wamekaa pamoja. Aliteremka kaburini mwenyewe kumpokea, na walipomaliza kufukia, watu wakiwa bado wamechutama wakiomba dua, mzee mmoja alimwambia aseme neno juu ya dada yake. Akasema dada yake aliwaambia kweli mara mbili, na mara zote mbili watu walikufa. Watu walisema amina, kwa kuwa hawakujua la kusema jingine.

Nilitamani kuwaachia funzo lenye nuru, wasomaji wangu, lakini nimelitafuta juma zima na sijalipata. Nililo nalo ni hili: kujua hakuokoi mtu. Kumwambia mwenzako kwamba msiba unakuja, bila kumfungulia mlango wa kukimbilia, ni kumzidishia siku za kuuogopa. Mfanyabiashara yule anasema kwao mvua imekosa tena, na Griftu ng'ombe wameanza kusimama vichwa chini. Setilaiti zinapita huko juu hata sasa ninapoandika. Bila shaka Hadado imekwisha kuonekana, hudhurungi, na mahali fulani imeonekana sehemu yenye kijani. Hakuna tena wa kuipeleka habari hiyo, na angekuwepo, bado sijui angewaambia waende kwa nani.